Menyu ya laini ilishinda kabla mechi ianze

Wasee, kila wiki nawaona mkigombana: Flutter ama React Native, Android ama iPhone. Sawa. Lakini huku Ijara mshindi si hata mmoja wao.

Rudi 2007. Mwezi wa Juni Wamarekani wanapanga foleni kununua iPhone ya kwanza. Miezi mitatu kabla, Machi, Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa hapa Kenya, na haikuuliza una simu gani. Menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Ukibonyeza, maagizo yako yanasafiri kama ujumbe mfupi uliofichwa kwa siri. Kabambe yoyote ilitosha. Wakati huo ukiandika programu ya Symbian ya Nokia, ilibidi uiandike upya kwa BlackBerry. Leo zote mbili zimezikwa, na ile menyu bado iko.

Mimi nilijifunza hii kwa aibu. Baada ya kuacha chuo (mama bado hajanisamehe) niliunda programu ya bei za mbuzi kwa Flutter, ikameremeta kweli. Nikampelekea abti yangu, anayeuza mbuzi Masalani. Akageuzageuza kabambe yake, akaniuliza, "Sasa naiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Siku hizi abti anatuma neno "mbuzi" kwa ujumbe mfupi, bei inarudi. Haimeremeti hata kidogo.