Kenchi na Daraja la Ashtabula

Twaeni fito nne, mziunge kwa msumari mmoja mmoja pembeni, kisha msukume ubavuni. Umbo lile litalala upande. Ongezeni ufito wa tano toka pembe hata pembe, nalo halitalala tena, labda mti uvunjike au msumari ung'oke. Ndiyo siri ya kenchi ibebayo paa: pembetatu haibadiliki umbo.

Mafundi waliijua siri hii zamani. Palladio wa Italia alichora madaraja ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1570. Lakini walijenga kwa mazoea. Katika kenchi kila kiungo kina kazi yake: hiki hubanwa, kile huvutwa, je, kwa nguvu kiasi gani? Squire Whipple wa Marekani alipiga chapa mwaka 1847 kitabu chenye kuonyesha namna ya kuhesabu, kiungo kwa kiungo.

Kabla yake, mwaka 1840, William Howe alikuwa amepewa hati ya serikali kwa daraja lake. Miti ya mshazari ilibanwa, vyuma vilivyosimama wima vilivutwa. Nami nausifu mpango huo, maana kila kitu kilipewa kazi kiiwezayo. Shemeji yake, Amasa Stone, tajiri wa reli, akauchukua mpango ule ule, akaujenga kwa chuma kitupu juu ya mto Ashtabula, Ohio, mwaka 1865. Mhandisi Joseph Tomlinson alimpinga, akafukuzwa kazini. Chuma kilikuwa kizito, daraja likajilemea lenyewe. Tena mihimili ya mshazari haikufungwa sawasawa. Iliegemea tu vipande vya chuma cha kusubu, nacho chuma hicho hustahimili kubanwa, bali kikivutwa au kupindwa hukatika ghafula.

Jioni ya tarehe 29 Desemba 1876, katika tufani ya theluji, gari moshi lenye injini mbili likaingia darajani. Injini ya kwanza ilifika ng'ambo. Nyuma yake daraja likaporomoka, injini ya pili na mabehewa yote yakaanguka bondeni, na majiko ya kupashia abiria joto yakayawasha moto. Walikufa watu wapatao 92.

Katika mabaki kilionekana kipande kimoja cha chuma cha kusubu kilichovunjika. Ndani yake palikuwa na tundu la hewa, lililokuwamo tangu siku kilipomiminwa, miaka 11 nyuma, na magari yakipita juu yake kila siku.