Kete Nyeusi Zilizotoka Bengal

Anayeanza kujifunza Ulinzi wa Mfalme wa Kihindi katika sataranji hutajiwa kwanza majina ya Bronstein, Fischer na Kasparov. Ni haki yao. Lakini wa kutangulia ni Moheschunder Bannerjee, Mbrahmini wa Bengal, aliyeucheza katikati ya karne ya 19, wakati Ulaya iliamini kwamba asiyewahi kuweka askari katikati ya ubao amejitia kitanzi.

John Cochrane, wakili Mskoti aliyefanya kazi Calcutta, alisikia habari za mtu wa vijijini ambaye hajapata kushindwa sataranji. Akamfuata, akamleta mjini, wakacheza kwa miaka. Cochrane alisukuma askari wake mbele. Bannerjee akatoa farasi, akainua askari mmoja hatua moja, akampanga askofu nyuma yake autawale mstari mrefu wa mshazari, kisha akamsitiri mfalme pembeni. Katika sataranji ya Kihindi ya zama hizo askari hakuruka nyumba mbili, kwa hiyo kujenga polepole hakukuwa kitu kigeni kwake.

Mei 1855 alifanya makubwa zaidi. Alipeleka askari wa malkia akabiliane na katikati ya Cochrane papo hapo, ingawa baadaye Cochrane ndiye aliyemtoa malkia wake kafara, akashinda. Mwaka 1922 Ernst Grünfeld akamshinda Alekhine mjini Vienna kwa mpango uleule, na hadi leo unaitwa Ulinzi wa Grünfeld. Miaka 67 ilikuwa imepita. Naiona hiyo ni dhuluma.

Uzuri wa mpangilio wa Bannerjee uko hapo hapo: hatua za mwanzo hazimfungi mchezaji. Mweupe akishajionyesha, mweusi anaweza kulipiga eneo la katikati kwa askari wa mfalme, wa malkia, au wa askofu, na kila chaguo huzaa mchezo tofauti. Kwa hiyo mwanafunzi asikariri hatua kabla ya kujua ni askari yupi wa mweupe anayelengwa na yule askofu wa pembeni.

Wengi waliendelea kuudharau Ulinzi wa Mfalme wa Kihindi hadi vijana wa Ukraine, Bronstein na Boleslavsky, walipoushika. Mwaka 1946, timu ya Prague ilipokutana na ya Moscow, Bronstein aliwashinda Zita na Pachman, na katika michezo yote miwili aliitoa kafara ngome yake pembeni kabisa ili askofu yule apate kupita. Baada ya hapo mweusi hakucheza tena kuomba sare tu.

Kasparov aliutumia kwa miaka mingi, kisha Kramnik akamshinda alipoucheza Novgorod mwaka 1997 na Kasparov akauacha. Wengine hawakuuacha. Kwa anayeanza leo, ningemwekea ubaoni kwanza mchezo wa Zita na Bronstein, kisha ule wa Calcutta wa 1855, na jina la Bannerjee liandikwe juu yake.