Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Hii Methali Ilikuwa Inaongelea Seva

Shuleni walitufundisha "mgeni njoo, mwenyeji apone" kama methali ya ukarimu. Mgeni akija, kuku anachinjwa, na wewe mwenyeji unakula pia. Sawa. Lakini mimi nikiangalia historia ya kompyuta, hasa historia yetu hapa Kenya, naona hii ni methali ya usalama wa mitandao. Kuna ugonjwa ambao mwenyeji hawezi kujiona nao. Mpaka mgeni aje.

Tuelewane kwanza naongelea nini. Shirika, iwe benki, shule, sacco au ofisi ya gava, linamlipa mtu wa nje aangalie mtandao wake. Linampa ruhusa kwa maandishi. Anakagua nani ana paswadi gani, kompyuta zipi hazijasasishwa tangu zinunuliwe, ni mfanyakazi yupi aliacha kazi mwaka juzi na akaunti yake bado inafungua. Halafu anajaribu kuingia kama vile mwizi angejaribu. Mwisho anaandika ripoti. Wengi wanaona hiyo ni pesa ya kutupa. "Sisi tuna kijana wetu wa kompyuta."

Mimi ni wa Entarara, hapa Kajiado, kwa hivyo acha nijibu kwa lugha ya huku. Ukitaka kujua kama ua wa miiba una tundu, hukai katikati ya boma ukaangalia. Unatoka nje unauzunguka, maana fisi haji akitokea ndani. Kijana wenu wa kompyuta anaweza kuwa mkali sana, lakini yeye ndiye aliyejenga ua. Macho yake yamezoea kuona ulivyopaswa kuwa, si ulivyo.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1974, jeshi la anga la Marekani lilikuwa linafikiria kutumia Multics, mfumo wa kompyuta uliokuwa na sifa ya kuwa salama kuliko mingine mingi ya wakati huo. Badala ya kuamini sifa, wataalamu wawili wa jeshi, Paul Karger na Roger Schell, walijaribu kuuvunja. Wakaweza. Wakaonyesha hata jinsi ya kuficha mlango wa siri ndani ya mfumo bila wenye mfumo kujua. Ripoti yao inasomwa mpaka leo, na somo lake ni rahisi: sifa si ushahidi. Ushahidi ni mtu kujaribu akashindwa.

Sasa turudi nyumbani. Januari 2012, mdukuzi mmoja kutoka Indonesia alivamia tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo mmoja. Mia moja na tatu! Huyo naye alikuwa mkaguzi wa nje, ila hakuna aliyemwalika, na ripoti yake ilisomwa na dunia nzima siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja kuhusu historia hii yote: mtu wa nje lazima atakuja. Unachochagua wewe ni kama atakuja na barua yako au bila barua yako.

Lakini kesi kubwa zaidi ni ya 2017, na najua wengine wenu mlikuwa bado primary.

Kabla ya uchaguzi wa mwaka huo, kampuni ya KPMG ililetwa kukagua daftari la wapiga kura. Ikakadiria kwamba huenda zaidi ya watu milioni 1 waliokufa bado walikuwa kwenye daftari. Tume yenyewe ilikuwa imekaa na daftari hilo miaka yote. Ilichukua jicho la nje kuweka hesabu hiyo mezani. Mpaka hapo, mgeni amekuja na mwenyeji ameanza kupona.

Halafu kukawa kugumu. Mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya kura, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC, alikutwa ameuawa. Tukapiga kura Agosti 8 na nchi nzima ikiwa na wasiwasi juu ya mashine. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi, Raila Odinga akaenda Mahakama ya Juu.

Agosti 28, mahakama ikatoa amri ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta Kenya angeisoma. Iliitaka IEBC itoe nakala za vyeti vya majaribio ya kupenya mfumo wake, yaliyofanywa kabla na wakati wa uchaguzi. Iliomba sera ya paswadi. Iliomba aina za watumiaji na kila mmoja ana ruhusa ya kiwango gani. Iliomba mpangilio wa ukuta wa kuzuia wavamizi, lakini bila kutaja toleo la programu, ili siri ya kweli ibaki siri. Na iliomba kumbukumbu za seva: nani aliingia, saa ngapi, akafanya nini. Kuangalia tu, bila kugusa chochote.

Ukiisoma vizuri, hiyo ni orodha ya kazi ya mkaguzi yeyote wa usalama. Tofauti ni kwamba imeandikwa na majaji, na muda uliobaki ni siku chache.

IEBC haikufungua yote. Kumbukumbu za seva, na seva zenye Fomu 34A na 34B, hazikufunguliwa jinsi mahakama ilivyoamuru. Septemba 1, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, wakafuta uchaguzi wa rais. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika mahakama kufanya hivyo. Na kwenye hukumu yao kamili walisema jambo zito: kwa kuwa tume ilikaidi amri, hawakuwa na budi kukubali madai kwamba ama mfumo uliingiliwa, ama maafisa wenyewe waliuchezea, ama mambo yaliharibika na hawakutaka kukiri.

Wasee, someni hapo tena. Mahakama haikuhitaji kumshika mdukuzi. Mlango uliofungwa ulitosha. Kama walikuwa hawana hatia, kufunga mlango ndiko kulikowanyima njia ya kuthibitisha. Hicho ndicho watu hawaelewi kuhusu ukaguzi wa nje: haumtafuti mwizi tu, unamlinda pia asiye mwizi.

Ushahidi? 2022. Uchaguzi ukabishaniwa tena, mahakama ile ile, safari hii chini ya Jaji Mkuu Martha Koome. Safari hii IEBC ilikuwa imeweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 hadharani, mtu yeyote mwenye simu ajihesabie. Mahakama ikaamuru seva zikaguliwe chini ya usimamizi wa msajili wake. Kulikuwa na malalamiko kuhusu kiasi gani kilionyeshwa, na mabishano mengine hayajaisha mpaka leo. Lakini Septemba 5, majaji wote 7 walisema hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba kuna mtu aliingia kwenye mfumo akanasa fomu na kuzibadilisha. Unaweza kuikubali hukumu hiyo au kuikataa, ila angalia kilichobadilika: mahakama ilikuwa na kitu cha kusoma.

Sasa kwa nini nakuandikia haya wewe ambaye huna seva? Kwa sababu data yako iko kwenye seva za watu wengine. Juni 30, 2023, Rais Ruto alizindua huduma 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Haijaisha mwezi, mwishoni mwa Julai, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaifurika kwa maombi ya uongo mpaka ikalala. Watu wakakwama kwenye viza, tiketi za treni, tokeni za stima. Waziri Eliud Owalo alikubali kwamba shambulio limetokea, akasema hakuna data iliyopotea. Sidai kwamba ukaguzi ungezuia kila kitu. Lakini mkaguzi mzuri wa nje angeuliza swali la kimtaa kabisa: huduma 5,000 zikipita mlango mmoja, huo mlango ukizibwa, mwananchi atapitia wapi?

Na si gava tu. Fikiria saiba za Kitengela, pale tunapoacha vitambulisho na paswadi zetu tukiomba HELB na basari. Fikiria shule yenye majina ya wazazi wote kwenye kompyuta moja ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ikivuja kwa njia inayoweza kuleta madhara, Kamishna wa Data aambiwe ndani ya saa 72. Swali langu: kama hujawahi kumleta mtu akuangalizie, utajua vipi kwamba imevuja?

Neno moja kwa nyinyi mnaojua kuchezea kompyuta. Msiende kuwa huyo mgeni bila barua. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inasema kuingia mfumo bila idhini ni faini hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Haijalishi nia yako ilikuwa njema. Karatasi kwanza, kibodi baadaye. Na hapo nina ugomvi na wakubwa pia: mashirika mengi hayana hata anwani ambapo kijana aliyeona tundu kwa bahati anaweza kuripoti bila kuogopa. Tunawatisha wageni wazuri, halafu tunashangaa wanaokuja ni wale wabaya tu.

Agosti 2027 tunapiga kura tena, na wengi wenu mtakuwa mnapiga mara ya kwanza. Mtaulizwa mnamtaka nani. Ongezeni swali moja, na muulize mapema, si siku ya kesi: mfumo umejaribiwa na nani kutoka nje, lini, na alipata nini? Waambieni hatutaki paswadi zao wala siri zao. Tunataka kujua kwamba kuna mtu asiye wao alizunguka ua, akaonyesha matundu, na yakazibwa.

Wakijibu "tuna vijana wetu," mkumbuke 2017.