KAHAWA KWA MAJIRANI WAWILI: AUSTRIA NA ITALIA

Ndugu wanachama, katika miaka 10 ya Chama chetu tumepalilia, tumechuma na kupima buni nyingi. Lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao jinsi inywewavyo huko iendako. Kwa hiyo twapenda kueleza habari za nchi mbili za Ulaya zipakanazo.

Mwaka 1683 majeshi ya Waturuki yaliuzingira mji wa Vienna, yakashindwa. Hadithi husema waliacha magunia ya buni, wenyeji wakadhani ni chakula cha ngamia. Hiyo ni hadithi. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1685 Mwarmenia mmoja, Johannes Diodato, alipewa idhini ya kuuza kahawa mjini humo. Baadaye mkahawa wa Vienna ukawa kama baraza la mji. Mteja huletewa kahawa pamoja na bilauri ya maji juu ya sinia ndogo, naye aweza kukaa muda mrefu akisoma magazeti kwa kikombe kimoja tu, wala hapana amwondoaye.

Italia ni vingine. Mjini Venice uko mkahawa wa Florian, uliofunguliwa mwaka 1720. Lakini mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milan aliandikisha mashine ya kupika kahawa upesi kwa nguvu ya mvuke. Basi Mwitalia huingia, husimama mbele ya meza ya muuzaji, hunywa mafunda mawili matatu, akaenda zake kazini.

Majirani hao waliunganishwa na Trieste, iliyofanywa bandari huru mwaka 1719 chini ya Austria, na ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilitwaliwa na Italia. Hata leo buni hupitia huko.

Twajifunza nini? Kikombe cha Mwitalia ni kidogo, na mara nyingi hakina maziwa ya kuficha ila. Buni iliyochumwa kabla ya kuiva, au iliyovunda, hujulikana kwa funda la kwanza. Sisi wenyewe tumepata kuona shehena nzima ikishushwa daraja kwa sababu ya madebe machache yaliyochanganywa kwa siri. Hasara iliwaangukia wote, hata wale waliochuma matunda mekundu matupu.

Wahenga walinena: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tuanzapo miaka 10 mingine, kila mwanachama achume kana kwamba mnywaji amesimama mbele yake.