Spika za safari kwa prodyuza: ipi inasema ukweli kuhusu miksi?

Prodyuza anapopanda Lutindi, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, kurekodi kwaya au bendi ya matarumbeta, spika kubwa za studio hubaki mjini. Anakwenda na kompyuta mpakato, maikrofoni mbili tatu, hedifoni, na kitu kimoja ambacho wengi hukichagua kwa mazoea tu: spika ndogo ya kusikilizia.

Chaguo hilo linagusa mfuko wa watu. Kwaya nyingi huchangishana ili zirekodi. Kosa likisikika waimbaji wakiwa bado pale, linarekebishwa siku hiyo hiyo. Likisikika baada ya prodyuza kushuka, ni safari nyingine na michango mingine.

Spika tamu inaweza kudanganya

Spika nyingi za Bluetooth zimetengenezwa zipendeze, hazikutengenezwa kwa ajili ya kukagua kazi. Ndani yake kuna programu inayopandisha besi sauti ikiwa ndogo na kuipunguza ukiongeza sauti, ili spika isipasuke. Maana yake wimbo uleule unabadilika kila ukigusa kitufe.

Kinachofuata ni rahisi kukitabiri. Spika ikiongeza besi, prodyuza anaipunguza kwenye miksi, na wimbo unatoka mwembamba kwingine kote. Spika isipotoa besi kabisa, anaiongeza, na ukipigwa kwenye sabufa sebuleni madirisha yanatetemeka.

Udogo wenyewe si tatizo. Auratone, kijisanduku chenye koni moja ya takriban inchi 4.5, kilitumika kwenye studio kubwa za Marekani. Bruce Swedien, fundi aliyemiksi albamu ya Thriller ya Michael Jackson iliyotoka 1982, alikitegemea sana. Yamaha NS-10 ilitoka 1978 kama spika ya nyumbani, lakini mafundi wakaipeleka studio. Zote mbili hazikusifiwa kwa utamu. Zilipendwa kwa sababu fundi alizijua tabia, na kosa la katikati ya sauti, pale wanapokaa waimbaji, lilijitokeza wazi.

Waya kwanza, Bluetooth baadaye

Bluetooth hubana sauti kabla ya kuituma, na huichelewesha, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 300. Kusikiliza wimbo uliokamilika si shida. Kurekodi kinanda au kukata sehemu kwa kufuata mdundo, hapo ndipo mambo yanaharibika: unabonyeza sasa, unasikia baadaye.

Kwa hiyo angalia tundu la waya kabla ya kuangalia rangi. JBL Charge 4 ina tundu la waya wa milimita 3.5, lakini Charge 5 iliyoifuata haina. Flip 5 nayo haina. Matoleo ya 2025, Flip 7 na Charge 6, yanapokea sauti kwa waya wa USB-C. Wauzaji wengi hawatakwambia hayo, uliza mwenyewe.

Moja au mbili?

Spika moja kama Flip 5 hucheza mono, yaani kushoto na kulia vinaunganishwa. Huo si upungufu tu, ni kipimo. Kwaya iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizo mbalimbali inaweza kusikika pana kwenye hedifoni, kumbe pande mbili zinafutana zikiunganishwa. Sauti ya pili inapotea, na hutajua mpaka mtu aupige kwenye simu yenye spika moja.

Ila mono haitakuonyesha kama tarumbeta zimeegemea upande mmoja. Kwa hilo zinatakiwa spika mbili, au hedifoni.

Chaguo tatu za kubeba

1. *Spika moja ya betri yenye waya.* Nyepesi, haihitaji umeme wa ukutani. Inafaa kukagua mizani ya waimbaji, mono, na namna wimbo utakavyosikika mtaani. Haifai kuamulia besi.

2. *Jozi ndogo kama iLoud Micro Monitor ya IK Multimedia.* Koni zake ni za inchi 3, jozi nzima haifiki kilo 2, na inashuka mpaka karibu 55 Hz. Ina waya na Bluetooth. Inahitaji umeme.

3. *Genelec 8010.* Nayo ina koni ya inchi 3, kila moja takriban kilo 1.5, na inapokea umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu wa 230 si tatizo. Inataka waya wa XLR, hivyo ni vizuri uwe na kadi ya sauti ya nje. Ni ya bei ya juu, inamfaa mwenye safari nyingi za kazi.

Hakuna kati ya hizo inayomaliza kila kitu. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa noti ya takriban 41 Hz, chini ya uwezo wa spika zote tatu. Unachosikia hapo ni mwangwi wa juu wa noti hiyo, na sikio linajazia lililobaki. Uamuzi wa besi ya chini ufanyike kwa hedifoni zinazofunika masikio.

Umeme, vumbi na bati

Umeme ukikatika katikati ya kazi, jozi ya kuchomeka ukutani inakuwa mzigo. Mwenye jozi abebe pia spika ya betri, iliyochajiwa kabla ya kuondoka Korogwe mjini.

Njia ya vumbi au matope kwa bodaboda inahitaji kifaa kinachohimili. Alama ya IP67, kama iliyopo kwenye Charge 5, ina maana vumbi haliingii na maji ya kina cha mita moja hayaiharibu kwa dakika 30. IPX7 inahakikisha maji tu, vumbi halikupimwa.

Usikagulie ndani ya ukumbi wenye bati mvua ikinyesha. Tafuta chumba kidogo chenye mapazia, vitanda au nguo. Spika isigusane na ukuta wala kona, maana kona huongeza besi. Ukiwa na jozi, kaa ili wewe na spika mbili mfanye pembe tatu yenye pande sawa, karibu mita moja.

Ukaguzi wa dakika 20 kabla ya kushuka

- Piga kwanza nyimbo mbili za kwaya unazozijua vizuri. Hapo ndipo unaipima spika yenyewe.
- Weka sauti kiwango kimoja, usiguse tena. Kiwango kiwe cha kuweza kuongea bila kupaza sauti.
- Cheza miksi yako. Je, sauti zote nne zinasikika? Maneno yanaeleweka?
- Punguza mpaka karibu isisikike. Kinachobaki mwisho ndicho kilicho mbele kwenye miksi. Kiwe ni waimbaji, siyo kinanda.
- Hamia kwenye simu, kisha hedifoni, kisha redio ya gari kama lipo.
- Rekebisha lile tu linalosikika kwenye vifaa viwili au zaidi. Kosa la kifaa kimoja huenda ni la kifaa.
- Mwite mwalimu wa kwaya asikilize kabla waimbaji hawajatawanyika. Yeye ndiye anayejua nani amemezwa.

Dukani

Wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, hasa zenye neno PMPO, hazina maana kubwa. Tafuta wati za RMS. Nenda na wimbo wako kwenye simu na waya wako mkononi, uisikilize kwa sauti ndogo na kubwa. Besi ikipotea ghafla ukiongeza, hiyo ni spika ya sherehe. Jihadhari na feki zenye nembo kubwa: bei ikiwa ya kushangaza, kuna sababu.

Ukishanunua, isikilize kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Spika ya kawaida uliyoizoea itakusaidia Lutindi kuliko ya gharama uliyoifungua boksi jana.