Pengwini wa Afrika na Shimo Lake

Mwishoni mwa mwaka 1497, miezi michache kabla ya kufika Malindi, mabaharia wa Vasco da Gama walitia nanga katika ghuba ambayo leo inaitwa Mossel Bay, Afrika Kusini. Kwenye kisiwa cha jirani walikuta ndege wenye ukubwa wa bata, wasioweza kuruka, wanaolia kama punda. Waliwaua kadiri walivyotaka. Ndege hao walikuwa pengwini wa Afrika.

Pengwini huyu ana urefu wa sentimita 60 hivi na uzito wa kilo 3 hivi. Mabawa yake ni makasia, na mifupa yake mizito humsaidia kuzama anapofukuza dagaa. Manyoya yake mafupi yamepandana kama vigae, hata maji baridi ya Atlantiki hayaigusi ngozi. Lakini vazi hilohilo humtesa akiwa juani. Juu ya macho ana kipande cha ngozi tupu, ya waridi. Joto likizidi, damu hukimbilia hapo ikapoe, na waridi hukolea.

Hilo peke yake halimtoshi ndege anayeatamia mayai mawili kwa takriban siku 40. Kwa hiyo alichimba shimo katika kinyesi cha ndege wa baharini, kilichorundikana visiwani kwa karne nyingi hadi kina cha mita kadhaa. Humo kulikuwa na kivuli, na shakwe hawakuyafikia mayai kwa urahisi.

Kinyesi hicho ni mbolea kali, na mwaka 1843 meli zilianza kukifuata kisiwani Ichaboe, pwani ya Namibia. Mamia ya meli zilisongamana hapo, na kufikia 1845 kisiwa kilikuwa kimebaki mwamba mtupu. Visiwa vingine vilikwanguliwa vivyo hivyo. Kisiwani Dassen mayai yaliokotwa kwa malaki ili yaliwe, hadi miaka ya 1960.  Madhara ya kupotea kwa mashimo yangali yanaendelea, kwani pengwini wengi sasa hutaga juu ya ardhi, jua likiwachoma hadi wanayaacha mayai na kukimbilia majini.

Baadaye samaki nao walipungua. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, zikiwa zimebaki jozi zisizofika 10,000 zinazozaliana. Wahifadhi sasa wanamwekea viota vya kutengenezwa kwa mikono, badala ya vile vilivyopakiwa melini.