Ukanda wa Msitu wa Mbulumbulu

Nchi ya Mbulumbulu imekaa kati ya msitu wa milima ya Ngorongoro na ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Chini ya ukuta huo mna Selela, Mto wa Mbu na Ziwa Manyara. Karibu na Upper Kitete ukanda mwembamba wa miti washuka kutoka msituni kuelekea Selela. Mgeni apitaye aweza kuudharau, kumbe ndiyo njia ya tembo na nyati.

Zamani Wamasai walilisha ng'ombe katika nchi hii. Katika karne ya 20 Wairaqw, waliokuwa wamesongamana katika milima ya Mbulu, walienea upande wa kaskazini wakalima. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 pakaanzishwa kijiji cha ushirika Upper Kitete, watu wakalima ngano pamoja. Mashamba yakaongezeka, na ile njia ikazidi kuwa nyembamba. Tembo hajui mpaka. Akikuta mahindi katika mapito yake, hula. Mkulima naye hulia, na kilio chake ni cha haki.

Je, tuikate miti hii ili tupate mashamba? Kwanza tutazame Engaruka, kaskazini ya Selela, chini ya ukuta uo huo. Tangu karne ya 15 mpaka ya 18 walikaa huko wakulima hodari. Walijenga kwa mawe vijiji, matuta na mifereji, wakamwagilia mashamba yapatayo hekta 2,000. Nchi ile ni kavu, nao walitegemea vijito vishukavyo kutoka milima hii hii. Kisha wakahama. Wataalamu wengi hudhani kwamba kupungua kwa maji kulikuwa sababu mojawapo. Mawe yao yapo hata leo, wenyewe hawapo.

Msitu mkubwa una walinzi wake, kwa maana Hifadhi ya Ngorongoro iliwekwa mwaka 1959. Lakini ukanda huu mdogo hutegemea zaidi sisi tulimao kando yake. Basi jembe lisivuke mpaka, na penye mpaka tutundike mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huwaogopa. Hivyo tutapata asali, tutaokoa mahindi, na miti itaendelea kuushika udongo wa mteremko. Watu wa Engaruka walijua sana kuongoza maji. Lakini hakuna mfereji uwezao kuongoza maji yasiyokuja.